Blutuu ya Marehemu

Anayesema mimi nilipandwa na jini la baharini ni mwongo, na wa kwanza wao ni Mwajuma, japo ni somo yangu na ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwari. Nampenda, lakini ana mdomo. Shangani nzima hapa Mtwara ilipata habari zangu kwake kabla mimi mwenyewe sijazielewa. Kwa hiyo leo nazisema mimi, Shamimu, mwenye nyumba na mwenye cherehani, na atakayebisha aje barazani kwangu tubishane.

Mume wangu Thabiti alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka. Anachukua khanga na sabuni hapa Mtwara mjini, anateremka Kitaya kwa mama yake, analala, asubuhi anavuka Ruvuma kwa mtumbwi kwenda kuuza Msumbiji. Akirudi analeta vitenge, kamba wakavu, na maneno ya Kireno ya kunichekesha. Safari nyingine alikaa huko wiki na wiki. Nikimuuliza, anasema biashara ina mwendo wake, mke wangu, haikimbizwi. Nami nikamwamini. Nilimpenda yule mtu, sifichi. Nilimpenda mpaka wenzangu wakanicheka.

Mwaka elfu mbili na saba alikwenda Dar akarudi na simu mpya yenye kamera, na pamoja nayo kidude cheusi cha kutundika sikioni. Wakati ule Mtwara waliokuwa nacho ni wakubwa wa maofisini, na yeye. Jioni utamwona anatembea Shangani mikono mfukoni, anacheka, anabishana na hewa, kumbe anaongea na wateja wake. Watoto wakamwita kichaa. Akafurahi kweli kweli.

"Hii inaitwa blutuu," aliniambia siku ya kwanza, amekaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa ingawa nimemkataza mara ngapi. "Haina waya. Simu na hiki kidude nimewaozesha. Simu ndiyo mume, hiki ndicho mke. Wakiwa nyumba moja wanasikilizana. Mume akienda mbali, mke anawaka taa nyekundu, anamtafuta."

"Na akirudi?"

"Akirudi, hata hodi hajapiga, mke keshajua. Anaimba, anawaka buluu."

"Ana bahati huyo mke," nikamwambia. "Mimi wangu mpaka nisikie mlango."

Tukaijaribu nyumba nzima. Simu tuliiacha chumbani, mimi nikavaa kidude nikazunguka. Sebuleni kinasikia, barazani kinasikia. Nikitoka uani nikafika nyuma ya migomba, taa inageuka nyekundu. Thabiti yuko mlangoni ananipigia kelele, "Umepotea! Umepotea, mke wangu, rudi!" Tulicheka siku ile mpaka jirani akauliza kuna nini.

Masika yaliyofuata akavuka kama kawaida. Kidude alikiacha, alisema mvua itakiua. Mtumbwi ukapinduka katikati ya mto. Waliokufa wengine walipatikana wakazikwa, yeye hakupatikana. Mpiga kasia aliyeokoka akaapa mbele ya sheikh kwamba alimwona akizama kwa macho yake, na mamba wa Ruvuma kila mtu anawajua. Basi akasaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na mimi nikavishwa nguo za eda nikakalishwa ndani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Sikulalamika, kwa sababu hata mlango ungekuwa wazi sikuwa na pa kwenda.

Mama yake, Bi Mwanakombo, akaja kutoka Kitaya na furushi lake kukaa nami. Thabiti alikuwa mtoto wake wa pekee. Nilimpa chumba cha pili, kile kinachopakana ukuta na sebule ninaposhonea. Mama mkwe mwema, wallahi. Alinipikia uji, alinisuka nywele, alinifuta machozi kwa upindo wa khanga yake mwenyewe. Ila alikuwa na jambo moja. Kila Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa walikuja kumsomea marehemu Yasini, na kila tukifika kwenye dua, pale mtu anapotajwa kwa jina lake aombewe kaburi lenye nafasi, Bi Mwanakombo alinyanyuka akaenda jikoni kuangalia chai. Na chai ilikuwa imekwisha kuiva zamani. Tukasema ni uchungu wa mzazi, tuliza moyo, mama.

Kidude nilikikuta kwenye droo ya cherehani, kati ya vifungo na vibobini. Kilikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele. Mwenye eda kakatazwa kujitia manukato, lakini hakuna aliyenikataza kunusa ya mume wangu. Nikakichaji, nikakivaa sikioni chini ya mtandio. Kikawa kinawaka taa yake nyekundu, kinatafuta simu ambayo sote tulijua iko chini ya maji pamoja na mwenyewe. Nikakihurumia. Tulikuwa wajane wawili.

Mchana mmoja, watu wamekula, nyumba kimya, Bi Mwanakombo ameingia chumbani kwake kujinyoosha, mimi nashona foronya ya mto. Sikio langu likaimba. Ti-ri-ri. Nikadhani ni cherehani. Nikakivua kidude nikakitazama kiganjani, na taa ilikuwa ya buluu.

Nilipiga yowe mpaka Mwajuma akaruka ukuta wa uani kutoka kwake. "Amerudi!" nikamwambia. "Thabiti amerudi, yumo humu ndani!" Nikafungua kabati, nikachungulia uvunguni, nikamwaga kapu la nguo. Bi Mwanakombo akatoka chumbani, akakimbilia uani kuniletea maji, na nilipokitazama tena kidude, taa imerudi nyekundu.

"Lahaula," akasema Mwajuma. "Mwari wangu ameingiliwa na jini."

Nikanyweshwa kombe, yale maji yanayoosha aya zilizoandikwa kwenye sahani. Nikafukizwa ubani. Haikusaidia, kwa sababu siku chache baadaye kikaimba tena, na tena wiki ile nyingine. Kila mara ni mchana, nyumba imetulia. Taa ya buluu inakaa kidogo, kisha inakwenda zake. Nilikumbuka maneno ya Thabiti kwamba kidude hakisikii mbali. Nikakipeleka barazani, bado buluu. Nikarudi, buluu. Kwa hiyo mume alikuwa humu humu, kati ya ukuta na ukuta, na mimi simwoni.

Mtaogopa nikiwaambia, lakini mimi sikuogopa. Nilifurahi. Nikawa nangojea mchana ufike kama mtoto anavyongojea sikukuu. Kikiimba, naacha kushona, nasema polepole, "Karibu, baba. Umekula?" Nilianza kumwekea chai. Wanawake wa Alhamisi wakaikuta bilauri imefunikwa kisahani mahali pake, wakatazamana.

Furaha ile ilikuwa na mwiba lakini. Nilimuuliza Mwajuma, "Somo, na kama hakufa?"

"Nyamaza! Ameshasaliwa."

"Nauliza tu. Kama hakufa, mimi hapa na nguo hizi nimevaa nini? Niambieni mimi ni mke au mjane. Kitu kimoja tu hicho. Nikiwa mke nimngoje, nikiwa mjane nimlie mpaka niishe machozi, nipumzike. Hivi nilivyo siwezi kufanya lolote."

Mwajuma akaniangalia kwa huruma, nami sipendi kuangaliwa hivyo. Akasema tukishamaliza arobaini atamleta mwalimu mmoja wa Mikindani anayejua kupunga majini. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Hicho kidude kitupwe baharini, mkwe wangu. Kinakutesa." Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika, nami nikainama nikamsaidia kuuokota.

Ikafika arobaini. Alfajiri wameshachinja mbuzi, uani kumejaa wapishi, masufuria, moshi, watoto wanafukuzwa kila mahali. Wanawake wanamenya vitunguu hadi nyuma ya migomba. Mimi nimekaa sebuleni peke yangu kwenye pembe yangu, mtandio umenifunika, kidude kiko sikioni. Bi Mwanakombo akapita, akatoka uani, akarudi haraka, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Sikio likaimba. Buluu, nikajua bila kuitazama. Nikafungua mdomo niseme karibu. Kabla sijasema, ikaja sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia tangu msiba. Simu inaita. Ndani ya sikio langu, simu inaita! Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Mama," akasema Thabiti. "Shikamoo, mama."

Na upande wa pili wa ukuta, nyuma ya mlango uliofungwa, nikamsikia Bi Mwanakombo kwa sauti ya kunong'ona, "Haloo? Haloo, baba?"

"Mama, nasikia kelele. Ndiyo mnapika?" Akacheka. Kicheko chake kile kile, cha puani. "Yaani leo ndiyo arobaini yangu! Mmechinja mbuzi au mmenichinjia kuku?"

"Haloo?" akasema mama yake ukutani. "Sikusikii, baba. Haloo?"

Nikaelewa yote kwa mara moja, na naomba muelewe na ninyi. Simu haikuzama. Aliiacha kwa mama yake Kitaya siku ya kuvuka ili isilowe, na mama akaja nayo kwangu ndani ya furushi. Anaizima siku nzima, mchana anaiwasha chumbani, kisha anatoka nayo uani nyuma ya migomba kuongea na mwanawe, na huko blutuu haifiki. Leo uani kumejaa watu, akaona apokelee ndani. Na yule mama wa Kitaya angejuaje kwamba maneno ya mwanawe, yakikuta kidude kiko karibu, hayapiti tena kwenye simu? Yalikuwa yanakuja kwangu. Simu na kidude vilikuwa vimeozeshwa, na ndoa yao ilikuwa bado.

"Mama, basi kama hunisikii mimi nakusikia kidogo, unahema tu," akasema Thabiti. Aliyekuwa anahema ni mimi. "Sikiliza. Ukishamaliza shughuli rudi Kitaya, mtu atakuvusha. Mtoto ameanza kutambaa, ana sura ya baba yangu, utalia ukimwona. Mama yake anakusalimia. Na Shamimu usimwambie kitu, umeniapia. Mwache amalize eda yake, bado kijana, ataolewa. Mto umenisaidia, mama, uliponitupa huku. Nisingejua hata nianzeje kumwambia. Heri anililie kuliko anitukane."

Mimi nina hasira, watu wote wa Shangani watakwambia. Nimewahi kumrushia mteja mkasi. Lakini siku ile hasira haikuja kwanza. Kwanza nilihisi baridi, mikono, miguu, mpaka meno. Yule niliyekuwa namkaribisha chai kila mchana alikuwa akikaa ng'ambo anambembeleza mtoto. Kisha nikasikia sauti yangu inasema, taratibu kabisa:

"Mama hakusikii, Thabiti. Anayekusikia ni mjane wako."

Nikasikia jogoo anawika huko aliko, na mwanamke anauliza kitu. Halafu simu ikakatwa. Taa ikabaki buluu, kwa sababu simu ilikuwa bado inawaka, na Bi Mwanakombo aliogopa kuiacha chumbani siku ya wageni. Alitoka nayo kiunoni, kwenye kibindo cha khanga. Nikamwona anapita na kibindo kimevimba, anawakaribisha watu.

Ningepiga kelele, nani angeniamini? Wote wameshaniona nikimwekea marehemu chai. Ningesema nimemsikia sikioni, mwalimu wa Mikindani angeletwa siku ile ile. Na Bi Mwanakombo angekana, akaificha simu chini ya nguo, ikawa neno la mfiwa mwenye jini na neno la mama wa marehemu. Nikakaa kimya kwenye pembe yangu. Nikafikiria ile chai ya kila Alhamisi ambayo ilikuwa imeshaiva.

Baada ya adhuhuri wakaingia, sebule ikajaa. Mwajuma akaongoza. Tukasoma Yasini, tukaleta tahalili, la ilaha illallah kwa sauti moja, watu wanayumba pamoja, wengine wanalia kwa misiba yao ya zamani. Tukakaribia dua. Bi Mwanakombo akashika magoti ili anyanyuke.

Nikaushika upindo wa khanga yake. "Kaa, mama."

"Naangalia pilau, mwanangu."

"Pilau lina wapishi. Leo arobaini, na huyu alikuwa wako peke yako. Dua ya mzazi haina pazia. Muombee wewe."

"Haswa!" wakasema wanawake. "Amesema kweli. Muombee, Bi Mwanakombo."

Akakaa. Akainua mikono, sote tukainua. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na mtandio wangu ulikuwa umeteleza begani. Akaiona taa. Nilimwona anavyoitazama, buluu, buluu, kisha mkono wake mmoja ukashuka ukashika kibindo. Nadhani hapo akajua ni wapi yalikopotelea maneno ya mwanawe asubuhi ile.

"Ewe Mola," akaanza. "Ewe Mola, mwanangu... mwanangu Thabiti..."

"Mrehemu," nikamsaidia.

Akaufungua mdomo. Neno hilo halikutoka.

Kwetu mtu mzima hathubutu hilo. Kumwombea kaburi aliye hai ni kumwita mauti kwa jina lake, na jina hilo likitoka kinywani mwa aliyemzaa, nani atalirudisha? Wiki zote zile aliweza kunidanganya, aliweza kula na mimi, aliweza kunifuta machozi aliyoyaleta yeye. Hilo moja hakuliweza.

"Basi nitaomba mimi," nikasema. Nikainua mikono juu zaidi na sauti pia. "Ewe Mola, mrehemu mume wangu Thabiti. Mpanulie kaburi lake. Mfunike kwa udongo wako..."

"Usiseme!" Bi Mwanakombo akanirukia, akaniziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Usimwombee, Shamimu! Yuko hai! Mwanangu yuko hai, usimuue! Niue mimi!"

Simu ikadondoka kutoka kiunoni ikaangukia mkekani mbele ya wote. Ile ile, ya kamera. Mikono ya wanawake ilikuwa bado iko hewani, hakuna aliyejua aishushe au aitikie amina. Mwajuma akaiokota simu, akaitazama, akanitazama sikio.

Bi Mwanakombo alilia vibaya. Alisema aliapishwa. Alisema alizaa mmoja, na angesema angempoteza, na kule ng'ambo kuna mjukuu ambaye hajambeba. "Kila siku nilitaka kukwambia, mkwe wangu." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, na haikupunguza kitu.

Watu wakala pilau. Mbuzi ameshapikwa, utafanyaje? Wakala wanaongea chini chini, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga vizuri. Mwajuma akaniletea gauni langu la maua na kopo la udi. "Vua hizo, mwari wangu. Wewe ni mke wa mtu."

"Sivui," nikasema.

Jioni ile Bi Mwanakombo alifunga furushi lake, akaitia simu humo bila kuizima. Nilibaki nimekaa kwenye cherehani, sikumsindikiza. Nikakiweka kidude juu ya meza nikakiangalia. Kilikuwa buluu alipopita sebuleni, kikawa buluu alipokuwa barazani anavaa ndala. Nikasikia bajaji inaondoka, na taa ikageuka nyekundu. Ikaanza kutafuta. Nikaiacha itafute mpaka chaji ikaisha.

Sheikh alikuja kesho yake, mtu mpole, akakaa kwenye ncha ya kiti. Akanieleza nidai talaka yangu, atanisaidia ifike ng'ambo. Lakini nguo nizivue, akasema, maana eda ya mtu aliye hai haina hukumu katika dini. Nikamshukuru, nikamwambia talaka nitaidai. Kisha nikajitengeneza mtandio wangu mweupe wa eda, na nikaukalia msiba ule mpaka siku yake ya mwisho ilipotimia.

"Haina hukumu, sheikh, nimekusikia," nilimwambia. "Lakini mimi nimefiwa."